Sura ya Baraka, Kashuga

Nilitoka Goma kwa sababu ya marehemu. Ndiyo kazi yangu ya miaka mingi: nachora kwa rangi za mafuta, na wengi wanaoniagiza wako msibani. Huniletea foto, nami humvika marehemu suti na tai, nikamtia mwanga shavuni, hata kama maisha yake yote alivaa kaptula. Wateja hupenda, nami sikatai kupendwa.

Safari hii foto haikuwepo. Baraka alifukiwa na udongo katika shimo la madini huko Walikale, hakutolewa tena. Foto zake ziliungua pamoja na nyumba yao. Kaka yake ndiye aliyeniagiza. Alisema mama yao hataki matanga yaanze, maana hajaona mwili na haamini.

Baada ya mji wa Sake barabara ilikuwa matope matupu. Pikipiki ilitubeba kidogo, sisi tukaibeba zaidi. Milimani maharagwe yalikuwa yanachanua, lakini mashamba mengine yalijaa magugu, wenyewe wamekimbia vita. Yalinitia huzuni.

Huko Kashuga, Mama Baraka alinipokea katika kambi ya wakimbizi, chini ya turubai. Alinipa sombe, mboga ya majani ya muhogo, na muhogo wenyewe, kisha akaketi mbele yangu.

“Papa, batu banasemaka mimi na yeye tunafanana. Uangalie mimi, utamupata.”

Nikachukua macho yake, pua yake na paji lake, nikaacha makunyanzi. Ilikuwa vigumu kumtazama mama hivyo, kama ninamwibia. Nilipoanza kola ya suti alinizuia.

“Hapana, Papa. Kositime hakukuwa nayo. Alivalaka shati ya bleu, ilipasuka hapa ku bega.”

Nikaifuta kola, nikachora shati la buluu lililopasuka.

Kesho yake nilimgeuzia picha. Watu wakiona kazi yangu huniambia, “Utadhani yuko hai!” nami hujivuna. Mama Baraka alisema polepole:

“Njo yeye mwenyewe. Kumbe alikufaka kweli.”

Akapiga yowe. Wanawake wa kambi wakaja mbio, wakamshika, wakalia naye.

Wakati wa kurudi nilipita Mweso nikiwaza. Nilikuwa nimedhani nampelekea mama mtoto wake. Kumbe nilimpelekea kifo cha mtoto wake, na ndicho alichokuwa akikingoja ili aweze kulia.