Tangazo la Makaburi

Binti yangu huweka matangazo ya mtaa wetu kwenye mtandao. Kila akimaliza namwuliza, "Na asiyeona, atasomewa na nani?" Ananiita msumbufu. Ni kweli, mie msumbufu, ila sikuzaliwa hivyo.

Miaka ya tisini nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya kata huku Temeke. Zamani habari za serikali zililetwa na mjumbe wa nyumba kumi, akipiga hodi mlango kwa mlango. Vilipokuja vyama vingi, wajumbe wakabaki watu wa chama, na ofisi yetu ikaamua kila kitu kibandikwe ukutani. Nilifurahi mno. Karatasi zangu zilikuwa safi, mistari imenyooka, muhuri umekaa pale pale unapotakiwa. Nilijiona mtu.

Nje ya dirisha langu, chini ya ubao wa matangazo, alikaa mzee kipofu kutoka Kusini, akisuka mikeka ya kuuza. Siku moja nilipiga tangazo refu. Barabara itapita kwenye makaburi ya zamani. Mwenye marehemu wake afike kuandikisha ndani ya mwezi mmoja, marehemu ahamishiwe kwenye kaburi lake peke yake. Wasioandikishwa watazikwa pamoja.

"Leo mashine haipumziki, mwanangu," mzee akasema dirishani. "Kuna nini?"

"Kazi tu za ofisini, baba."

Nikatoka kulibandika. Nilimwomba ainame kidogo, nisije nikamdondoshea gundi kwenye kofia. Akainama.

Mwezi mzima watu walisimama mbele yake, wakasoma kimoyomoyo, wakaenda zao. Kila mmoja alidhani mwenzake keshamwambia. Mie sikudhani chochote, sikumfikiria kabisa. Kisha makaburi yakahamishwa, greda likapita.

Mwisho wa Shaabani, kama ilivyo desturi kabla ya kufunga, mzee alikwenda kumsomea marehemu mkewe dua. Alirudi viganja vimejaa vumbi.

"Nimepapasa jiwe lake sikulipata," akasema. "Wamempeleka wapi?"

Nikamweleza: amezikwa pamoja na wengine, na hakuna ajuaye yupi ni yupi. Kisha, Mungu anisamehe, nikaongeza kwa ukali kwamba tangazo lilikuwepo mwezi mzima. Aibu ya maneno yale haijanitoka hadi leo.

"Lilikuwa wapi?"

Mzee akainuka taratibu, akaupapasa ukuta kuanzia pale alipokuwa akiegemeza kichwa, akapanda juu mpaka vidole vikagusa karatasi.

"Ni hili?"

"Ndilo, baba."

"Basi nisomee."

Nikamsomea lote, neno kwa neno, huku machozi yananitoka. Nilipofika kwenye siku ya mwisho ya kuandikisha nilinyamaza, naye akasubiri mpaka nikaitaja.