Koti la Solange na Mlango Uliofungwa

Solange hakujua kukataa, na mtaa mzima ulilijua hilo kuliko yeye. Mlango wake ulitazama barabara ya vumbi jekundu inayoshuka kutoka kilima cha Rughenda. Cherehani yake ikianza tu kulia asubuhi, watu walijua yupo. Huyu ameleta zipu ya sketi ya shule, yule libaya, blauzi yake ya arusi, inambana kwapani, na mwanakwaya amekumbuka sare yake ibada ikikaribia. "Mama Shekinah, unisaidie tu kidogo," walisema, wakimwita kwa jina la mwanawe, wakavuta kiti. Hicho kidogo kilikula siku nzima.

Chini ya meza, ndani ya beseni la plastiki, lilikaa koti la kiume vipande vipande.

Jijini Butembo wanawake hushona vitenge, na makoti ni kazi ya wanaume. Hakuna aliyeliandika jambo hilo mahali popote. Ni kwamba kwenye barza ya Fundi Gracien, pale karibu na soko, ambako washona makoti hukaa bega kwa bega, hakuna mwanamke aliyewahi kuketi. Baada ya Noeli Solange alikwenda akamwambia fundi kwamba anataka kuwa wa kwanza. Alijiandaa kuchekwa. Gracien hakucheka, na hilo lilimchanganya zaidi.

"Uniletee veste moja," alisema, sindano ikiwa mdomoni. "Yenye bitana, yenye kola, yenye mikono iliyokaa muzuri. Uishone wewe peke yako. Ukifika mbele ya Pasaka, kiti iko. Pasaka ikipita, naweka mutu mwingine."

Alikata kitambaa siku hiyohiyo. Wiki haikuisha jirani akafiwa na mumewe, hana nguo nyeusi, na kitambaa cheusi cha karibu kilikuwa mgongo wa koti. Kikawa sketi. Solange akanunua kingine, akakata tena. Bitana ikaenda kwenye gauni la ubatizo. Kila alipotoa alitoa kwa moyo mweupe, kisha akabaki akilitazama beseni asielewe limepunguaje. Usiku hakuweza kushona: uzi mweusi juu ya kitambaa cheusi, na taa ya sola yenyewe ilikuwa ya kutafutia ufunguo tu.

Ndipo ikaja ville morte. Kulikuwa kumeuawa watu tena vijijini upande wa Beni, na wakubwa wa vyama vya raia wakatangaza: maduka yafungwe, pikipiki zisitembee, kila mtu abaki nyumbani kuwalilia wafu na kuuliza wenye mamlaka wanafanya nini. Jiji likanyamaza. Solange alifunga mlango kama wengine, akaomba, akaimba wimbo wa maziko peke yake, kisha akajikuta ametoa beseni. Jioni kola ilikuwa imekamilika. Hakuna aliyebisha hodi siku nzima.

Ville morte ya pili ilimpa mifuko na bitana mpya. Baada ya hapo alianza kujiogopa. Jumapili kanisani, tangazo la ville morte nyingine lilipopita kutoka benchi hadi benchi, moyo wake uliruka, nao uliruka kwa furaha. Akaangalia chini kana kwamba waumini wangeweza kuuona. Ni mtu gani anayefurahia siku kama hiyo? Je, lilikuwa koti tu lililofurahi, na yeye hamo? Mchungaji alikuwa akihubiri jambo lingine.

Siku hiyo ya tatu ya kufunga, kijiji kilichotajwa kushambuliwa kilikuwa jirani na shamba la kakao la Victoire, mdogo wake. Simu haikupita. Alishona pindo la chini huku akipiga, akafumua, akapiga tena, akashona palepale alipofumua. Mchana simu ikaita.

"Yaya, téléphone ilikuwa bila moto ya batri," Victoire alimwambia dada yake. "Tuko wazima. Batu wamekimbilia kwetu, niko nawapikia. Wewe unafanya nini?"

"Niko nashona."

"Leo?"

Solange akachomeka sindano kwenye pindo.

"Shona basi," Victoire akasema, akakata.

Solange aliligeuza neno hilo kichwani siku kadhaa. Lilikuwa baraka? Lilikuwa lawama? Mwishowe alijua jambo moja tu, kwamba hawezi tena kushona kwenye siku za wafu. Mikono ya koti ilikuwa bado, na Jumapili ijayo ilikuwa Jumapili ya Matawi, wiki moja tu kabla ya Pasaka. Basi Jumanne, siku ya soko, siku ya kila mtu kazini, Solange alifunga mlango wake mwenyewe na kukaa ndani.

Jua lilikuwa halijapanda vizuri alipowasikia nje. Kwanza minong'ono, halafu kishindo cha kuni zinazotuliwa chini, halafu benchi linaburutwa. Mlango ukagongwa taratibu, kwa viganja. Alipofungua, Mama Lévi, jirani wa ukuta mmoja, alimkumbatia kabla hajasema neno.

"Ni Paulin? Ni ku ziwa?"

Paulin, mumewe, alikuwa Kyavinyonge, kando ya ziwa, kununua samaki.

"Hapana. Paulin ni muzima."

"Sasa ni Beni? Ni Victoire?"

"Hapana mutu alikufa!"

Mama Lévi akarudi nyuma hatua moja, akamtazama. "Mais mulango hawafungaka bure, Mama Shekinah. Siku ya soko?"

Nyuma yake uani palikuwa pamejaa. Vijana walikuwa wanapanga mabenchi ya kanisa, wasichana wanamenya ndizi, na Papa Mathe, mzee wa kanisa, alikuwa ameshavua kofia na kuanza kuomba.

"Bwana, umupokee ndugu yetu huyu, ambaye jina yake tutaambiwa sasa hivi…"

"Papa, hakuna!" Solange akapaza sauti. "Nilifunga mulango juu nipate kushona!"

Watu wakatazamana. Mtu mmoja akacheka, akakatizwa kwa kiwiko. "Huzuni inamupanda kichwa," mwanamke mmoja alinong'ona. Solange akafungua mdomo kuwaeleza yote, Gracien, kola, kanisani, simu ya Victoire, na kilichotoka kilikuwa kilio. Hakujua alikuwa anamlilia nani. Hapo kila mtu akatulia, maana sasa mambo yalikuwa yanaeleweka.

"Kaa, mama," Mama Lévi akasema. "Alikufa, hakufa, kuni tulishabeba. Nani atazirudisha?"

Wakamketisha kwenye mkeka. Mwenye msiba haombwi kitu. Maji walichota wenyewe, moto waliwasha wenyewe, na zipu za mtaa mzima zilibaki makwao. Solange akapangusa macho. Baada ya kitambo akavuta beseni. Hakuna aliyemkataza, wafiwa hufanya mambo ya ajabu. Akashika mkono wa kwanza wa koti.

Alipofika wa pili, Fundi Gracien aliingia uani. Habari ilikuwa imefika sokoni. Akawapa watu mkono, akaketi kwenye benchi la wanaume, na macho yake yakatua kwenye bega la koti, yasiondoke. Solange alipokata uzi wa mwisho alimpelekea. Gracien akalivaa, akanyanyua mikono, akaishusha, akapapasa kwapa la kushoto.

"Fundi, unasema nini?"

"Hatusemaka kazi kwenye kilio."

"Lakini hakuna kilio!"

"Batu wako. Moto iko. Bukari inaiva." Alikuwa na uso mkavu kabisa. "Ni kilio."

Akala ugali huo, akaaga, akaondoka na koti mwilini.

Solange hakulala vizuri. Amekubaliwa? Ameporwa? Asubuhi alifunga tena mlango na kushuka sokoni, na njia nzima alijibu pole ambazo hakujua ni za nini.

Kwenye barza cherehani zilikuwa zinanguruma, na koti lake lilikuwa limetundikwa juu ya msumari mbele ya wateja, mkono wa kushoto umefumuliwa. Chini yake palikuwa na cherehani isiyo na mtu na kigoda kitupu. Gracien hakuinua kichwa.

"Fundi, hiyo nafasi ni ya nani?"

"Kushoto inavuta nyuma," Gracien akasema. "Kwa kidole kimoja."

Mshonaji wa jirani akasogeza goti lake kidogo, huenda kwa adabu, huenda alikuwa amechoka kukaa vile. Solange alisimama pale, akatazama barabara, akatazama kigoda. Kisha akalishusha koti, akaketi, akaingiza uzi kwenye sindano.