Blanketi Ninalojifunika Si Langu

Ruiru, tarehe 10 Julai 1996. Huu ni mwaka wa nane tangu niondoke nyumbani Vihiga. Mhariri, nifichie jina, kwa sababu kijana wangu bado yuko shuleni.

Nina miaka arobaini na minne. Masomo niliachia darasa la sita. Nafanya kazi kwa shamba la kahawa: leo napalilia, kesho nabeba pampu ya dawa mgongoni. Mke wangu na watoto wadogo wako nyumbani. Kifungua mimba wetu nilimleta huku alipopita darasa la nane, akaingia shule ya bweni kule Thika. Kwetu hakuna mwingine aliyefika sekondari.

Alipokuwa Form One alikuja likizo fupi amekonda. Akaniambia wakubwa wanawaita wageni wa Form One mono, wanawafulisha nguo, wanawanyang'anya sukari, wanawafungia ndani ya kabati waimbe kama redio. Nikamuuliza kama walimu wanajua. Akasema wanajua, na wanasema hata wao walipitia. Basi nikamwambia, "Vumilia. Wewe ni mwanaume. Zamu yako itafika." Nilidhani nimempa moyo.

Sasa yuko Form Three. Mwezi uliopita alikuja na blanketi zito la kijivu, akasema shule imewapa mapya na hili limebaki. Nyumba yangu ya mabati ina matundu na baridi ya huku mnaijua. Kwenye pembe niliona nambari ya uzi mwekundu, imefumuliwa nusu. Niliiona vizuri. Sikuuliza. Nilijifunika, na asubuhi nikawaringia wenzangu kwenye kambi ya wafanyakazi kwamba mtoto ameanza kumkumbuka baba yake.

Jumamosi iliyopita mwalimu mkuu mpya alituita wazazi. Tulifikiri ni karo. Kumbe amekalisha watu wote kwa ukumbi wa kulia: wanafunzi, walimu, wapishi, bawabu, hata mama anayefagia afisi. Akasema viboko vimechapwa miaka mingi na wadogo bado wanaonewa, kwa hivyo kila mtu aseme alichofanya na alichonyamazia. Atakayesema mwenyewe hatafukuzwa. Atakayegunduliwa baadaye kwamba alikuwa anaficha, ataenda nyumbani.

Wa kwanza kusimama alikuwa mpishi. "Mimi hupakua sawa kwa wote," akasema, "lakini sahani za wadogo zinahamia kwa wakubwa nikiangalia, na huwa nacheka." Mwalimu mmoja akakubali kwamba yeye mwenyewe huwatuma wakubwa wawanyooshe mono. Halafu akainuka mama mmoja wa Kiganjo. Mtoto wake wa Form One alikuwa amelala wiki nyingi akijifunika sweta. Sasa yuko hospitali, kifua kimejaa. Blanketi lake lilichukuliwa, na nambari yake huyo mama alikuwa ameishona kwa mkono wake pembeni kwa uzi mwekundu.

"Sitaki mtoto wa mtu afukuzwe," akasema. "Nataka tu kujua ni nani analala na joto la mwanangu."

Si mtoto, mama. Ni mimi. Lakini mwalimu mkuu alipouliza kama kuna mzazi mwingine mwenye neno, niliangalia viatu vyangu.

Baadaye nilimvuta kijana kando ya uwanja, nikamuuliza kama ni lile. Hakukataa.

"Baba, si uliniambia zamu yangu itafika?"

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayetoa jibu alilofunzwa. Halafu akainama akaongeza, "Na wewe ulikuwa unakohoa." Akaniomba nisiseme kitu, amebakisha mwaka mmoja na kidogo tu.

Tangu siku hiyo blanketi nimelikunja liko juu ya sanduku, nami najifunika gunia la kahawa. Hatia yangu haijapungua hata kidogo. Nimewaza nimpelekee yule mama kimyakimya bila mtu kujua, lakini hapo nitakuwa nimemfundisha kijana kunyamaza mara ya pili. Nikisimama niseme mimi, pengine watasema yeye alikuwa anaficha, afukuzwe kwa sababu ya mdomo wangu. Nikimlazimisha asimame mwenyewe, shule nzima itamwita mwizi, na aliyemtuma ni mimi, ingawa sikumtuma kwa maneno hayo.

Ninyi wazazi mnaosoma ukurasa huu, na ninyi mliowahi kuwa mono, niambieni: nani kati yetu abebe hilo blanketi mbele za watu?

Mkutano wa pili aliotuitia mwalimu mkuu ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu. Wiki itakayofuata shule zinafungwa, na tumepanga kurudi Vihiga pamoja, mimi na yeye. Mama yake atatupokea na kuuliza habari za shule. Nijibuni kabla hajauliza.