Mizizi Iliyo Peku

Nyuma ya mikorosho yetu hapa Mpapura kuna kichaka cha miyombo ambacho mke wangu alionyeshwa na mama yake. Kwetu uyoga una wenyewe. Mvua zikianza, mama humpeleka binti yake, humwonyesha mti huu na huu, na tangu siku hiyo mahali pale huwa pa binti. Mimi pale nilikuwa mume tu, yaani mgeni.

Enzi hizo nilikuwa nayeyusha betri chakavu za magari. Risasi iliyokuwa ndani yake niliimimina kwenye vishimo vya mchanga, ikawa chubwi za kuzamishia nyavu, nikawauzia wavuvi wa Kilambo na wa mdomo wa Ruvuma. Mwanzoni niliyeyushia uani. Majirani wakalalamika kwamba moshi unawakohoza watoto, nami nikaona wana haki, nikahamishia moto kichakani. Nilijiona muungwana.

"Bwana wee, hapo ndipo penye uyoga," mke wangu aliniambia aliponikuta namwaga tindikali ya betri shinani.

"Miti haikohoi," nikamjibu.

Alicheka. Mpaka leo kicheko kile kinaniuma kuliko kama angenitukana.

Miti kweli haikukohoa. Ulioondoka kwanza ni uyoga. Mvua zilikuja, mke wangu akaenda na ungo, akarudi nao mtupu. Akasema labda mvua haikutosha. Mwaka uliofuata akasema labda jua. Kazi ile niliiacha kifua kilipoanza kunibana, wala si kwa ajili ya mke wangu. Baadaye miyombo ilikauka kuanzia kileleni, na miche iliyochipua karibu na lile jiko la kuyeyushia haikupita goti.

Binti yetu anakaa Likombe. Jirani yake, mwalimu wa baiolojia kutoka bara, alikuja naye siku moja kututembelea, na mke wangu akampeleka kichakani, nami nikawafuata. Mwalimu alichimbua vijizizi vya mti wa mbali, kisha vya mti wa pale jikoni, akaviweka kiganjani.

"Angalia, mzee. Huu umevaa soksi. Huu wa kwako uko peku."

Niliona. Ncha za mzizi wa kwanza zilikuwa nene, zimefunikwa utando mweupe. Za mzizi wangu zilikuwa nyembamba na nyeusi. Utando ule, alisema, ni kuvu. Mti huulisha sukari, nao huutafutia mti maji na chakula mbali ardhini. Uyoga ni tunda lake tu. Risasi ikizidi udongoni, kuvu wengi hufa, na mti hubaki na njaa. Wachache huvumilia, lakini uyoga wao unaweza kuibeba risasi ndani yake.

"Itaisha lini?" nikauliza.

"Haiozi, mzee."

Mke wangu alikuwa amekwenda kuchuma majani ya muhogo. Hakusikia, nami sikumwambia. Alikuwa bado anangoja uyoga urudi ili amkabidhi mjukuu wetu wa kike pale mahali, kama yeye alivyokabidhiwa.

Mvua za mwaka huu uyoga ukarudi. Uliota pembeni ya jiko langu la zamani, mweupe, mnene. Mke wangu alimwita mjukuu, wakatoka na ungo, mimi nikiwafuata kwa kuegemea fimbo.

"Babu, leo unakula ugali mkavu," mjukuu akanitania. "Uyoga ni wa wanawake."

"Msichume," nikasema.

Mke wangu alikuwa ameshainama. Nikamweleza yote, na kwamba nilijua tangu siku ile ya mwalimu.

"Nimengoja mpaka meno yamekwisha," akasema, "ndipo unafungua mdomo?"

Alikaa vile vile, mkono umeugusa uyoga. Kisha akainuka, akamshika mjukuu mkono, akamzungusha kichakani kama alivyozungushwa yeye.

"Hapa usichume. Na hapa. Na kwenye mti huu."

Mjukuu akamtazama. "Sasa wa kuchuma ni upi, bibi?"

Bibi yake alitia ungo kwapani, wakarudi nyumbani. Nilibaki nyuma, natembea taratibu, nisiwafikie.