Doa Alilolifuta Tabasamu

Mtaani walimwita Tabasamu, kwa sababu miaka thelathini na moja hakuna aliyekaa kwenye kile kiti cha studio yake bila kuamriwa atabasamu. Yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kucheka ovyo. Sifa yake ilikuwa kufuta. Chunusi, kovu, kidevu kilichorukwa na kinyozi, vyote alivifuta, ukatoka hapo na uso mpya. Watu walimpenda kwa uongo huo, na mimi simlaumu mtu.

Kisha macho ya mkewe yakaanza kufa. Daktari alisema waziwazi: mwaka na ushei, halafu giza.

"Baba watoto," mke akamwambia walipofika nyumbani, "kuna kile kiwingu nilichokuwa nakiona angani nikiwa msichana, upande wa kaskazini. Siku hizi sikioni. Nipigie picha yake, kubwa, nikione kabla macho hayajafumba."

"Hicho tu? Nakupa."

Jamani, hicho tu! Kiwingu chenyewe ni galaksi, nyota zisizo idadi, mbali mpaka kichwa kinauma ukianza kuwaza. Huikamati kwa picha moja. Binti yao, mwalimu wa kompyuta katika mji mwingine, alimfundisha kwa simu: kamera ya studio ikae juu ya mota inayozunguka polepole kuzifuata nyota, apige picha mamia, kisha programu izipange moja juu ya nyingine mpaka kilichofifia kitokeze. Basi mzee akawa anapanda juu ya nyumba kila usiku usio na mawingu, na koti lake na kiti cha plastiki. Mke alimmulikia kwa tochi na kumtania, "Mimi hukuwahi kunisubiri hivi."

Akapata picha mia tatu na kumi. Kabla ya kuzipanga, akaketi azisafishe. Si ndiyo kazi yake? Katikati ya kila picha kulikuwa na doa la kijivu, kama alama ya kidole kwenye kioo. Akalifuta. Wiki mbili nzima, picha moja baada ya nyingine, na kila aliyoimaliza aliihifadhi juu ya ile ya mwanzo, kama alivyozoea studioni, mteja asije akaiona sura yake ya kweli.

Alipomtumia binti, simu ikaita papo hapo.

"Baba, mbona anga tupu? Galaksi iko wapi?"

"Sijaiona hata mimi. Katikati palikuwa na uchafu tu, nimeutoa."

"Baba, ule uchafu ndio yenyewe."

Loo! Mzee alilia, tena kwa sauti. Galaksi ilikuwa imeshaanza kuzama mapema pamoja na jua, na ingechukua miezi kurudi.

"Si itarudi?" mke akambembeleza. "Tutaisubiri."

Wakasubiri. Kila alipoulizwa macho yanaendeleaje, mke alijibu, "Bado naona kidogo." Mzee akaamini, maana alitaka kuamini.

Ikarudi. Safari hii hakugusa doa hata moja. Programu ilipomaliza, galaksi ikatokea kwenye kompyuta, kubwa, imelala upande, katikati inang'aa rangi ya maziwa. Mzee akakimbilia jikoni kumwita mkewe, akamshika kiwiko, akamkalisha kitini. Lakini kompyuta ile kuukuu ikiachwa kidogo tu hujizima kioo, na walipofika kilikuwa cheusi tii. Akanyoosha mkono aiwashe. Mke alikuwa ameshainama, uso karibu uguse kioo.

"Nimeiona," akasema. "Kumbe ni kubwa hivi! Nzuri jamani. Asante, baba watoto."

Alikuwa anatabasamu, na hakuna aliyemwamuru.

Mzee akaurudisha mkono taratibu. "Umeiona vizuri?"

"Vizuri kabisa."

Akavuta kiti, akakaa kando yake, na wote wawili wakaendelea kukitazama kile kioo.