Gogo la Gurudumu

Leo asubuhi lori la jirani limemwaga dizeli kidogo uani, mvua ikaigusa, na harufu ile ikanikalisha kizingitini.

Baba alikuwa dereva wa lori la tajiri mmoja wa Kasese. Alipolala nyumbani alizuia gurudumu la nyuma kwa gogo, maana breki ya mkono ilikuwa jina tu. Kila asubuhi ya safari nilimtangulia nikalikalia gogo lile ili asiondoke. Lilikuwa la baridi, likinuka dizeli na chumvi ya Katwe aliyokuwa akiibeba.

"Mama, toka hapo," Baba aliniambia, maana ndivyo alivyoniita mimi bintiye. "Tajiri iko nangoja chumvi yake Bwera."

"Angoje!"

Hakuniinua hata siku moja. Alichuchumaa kando yangu na kikombe cha chai, akanimegea chapati yake, akasema, "Haya. Wewe ukichoka, mimi nitaenda."

Basi tulikaa, bega kwa bega, chai ikipoa, nami nikiamini Bwera nzima imesimama kwa sababu yangu.

Halafu wenzangu walipita wakienda shule, wakaniita. Kila mara ni mimi niliyeinuka kwanza, nikakimbia bila kugeuka.