Kipima mvuke kilinyamaza, shemeji yangu akafia ndani ya tenki hapa Hedaru

Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni wa darasa la saba, mtanivumilia mwandiko. Ila haya yamenikuta mwenyewe, na jina la mhusika nalitaja.

Nilikuwa naosha matenki ya malori ya mafuta hapa Hedaru, mimi na shemeji yangu Kiangi. Mmoja anaingia kukwangua tope la petroli, mwingine anabaki juu kashika kamba.

Tulikuwa na kipima mvuke, kidude cha kuning'iniza kifuani. Kikikutana na mvuke wa petroli au thina kinapiga kelele, unatoka mbio.

Msimamizi wetu Fanuel kilimkera. "Hiki kina mdomo kuliko mama mkwe wangu!"

Siku tajiri, mwenye kazi, anakuja kukagua, Fanuel akataka kila kitu king'ae. Akachukua dawa ya kung'arishia dashibodi, akakipulizia chote, mpaka kwenye vitundu vya kuvutia hewa. Kikang'aa kweli.

Toka hapo kimya. Taa ya kijani, kwenye kioo sifuri.

"Si mnaona?" Fanuel akasema. "Tenki safi. Shuka Kiangi, au unangoja kadi ya mwaliko?"

Akashuka.

"Shemeji, kunanuka huku."

Fanuel akadakia: "Ulitaka inuke marashi?"

Kiangi akacheka. Akaendelea kucheka, kicheko cha mlevi.

Halafu hakucheka tena.

Wakuu, ule ukimya bado naota. Navuta kamba, haiji. Naita, inajibu sauti yangu. Nikaingia. Macho yanawaka moto, kichwa kinazunguka. Nikamkuta kalala chali, kidude kifuani, kijani tupu.

Utingo wa malori walitutoa. Mimi nikazindukia hospitali, Same. Kiangi alipandishwa kwao milimani kuzikwa.

Baadaye akaja fundi. Akasogeza kitambaa chenye petroli kwenye kidude. Kimya! Akasema ndani kuna kipunje kinachounguza mvuke kidogo ndipo kiuhisi, na ile dawa ina silikoni, imekivika ngozi. Hakinusi tena, ila taa inawaka.

Msibani Fanuel alisema ni kazi ya Mungu. Mungu hakushika kopo la dashibodi, Fanuel.

Nilichojifunza: sifuri isiaminiwe bure. Kila asubuhi kijaribiwe kwa gesi ya majaribio, kisipolia hakuna kushuka. Na pua msiitegemee, inazoea haraka.

Mnaofanya kazi kwenye matenki, cha kwenu kililia lini mara ya mwisho? Semeni hapa.

Fanuel bado ni msimamizi palepale.